Nchi Kavu ya Sulina

Siku ambayo Trifon hakurudi kutoka kuvua ndiyo siku Ofisi ya Uangalizi wa Tope Baharini ilipotangaza, kwa furaha kuu, kwamba nchi imeongezeka. Setilaiti ilikuwa imepiga picha mlango wa mto Danubi, pale Sulina. Tope majini lilikuwa zito mno, na mtambo wa ofisi, uliofundishwa kuwa bahari ni kitu cha buluu, ukalipaka eneo lote rangi ya nchi kavu. Mtambo haukosei. Iliyokosea ni bahari.

Kwa kuwa nchi kavu haina wavuvi, walinzi walizifunga mashua zote minyororo.

Evdochia, mke wa Trifon, akaenda ofisini na kitambaa cheusi kichwani.

"Mume wangu amezama mbele ya mnara wa zamani. Naomba mashua zikamtafute."

Mkurugenzi Brateș alimtazama kwa huruma ya kiserikali, kisha akaigeukia ramani. "Hapo ni nchi kavu, mama. Mashua haitumwi nchi kavu. Ni kinyume cha mwongozo."

"Basi Trifon amezama wapi?"

"Kitaalamu, hajazama. Pengine ameanguka. Umejaribu hospitali?"

"Na mashua yake nayo imelazwa?"

"Mama, usinichezee."

Evdochia akafanya wafanyavyo wanawake wa kule mtu anapozama: alichomeka mshumaa kwenye mkate, akauwasha, akauacha uelee majini ili uonyeshe mwili ulipo. Mkate ulizunguka, ukayumba, ukatulia mbele ya mnara. Mlinzi akamwonya kwamba ni marufuku kutupa taka ardhini.

Jumapili Mkurugenzi alikuja na bendi, bendera na viatu vinavyong'aa, kulikabidhi taifa ardhi yake mpya.

"Atazama huyo," alinong'ona Artiom, mdogo wake Trifon.

"Mwache, shemeji," alisema Evdochia. "Tangu lini mtu akazama nchi kavu?"

Mkurugenzi alishuka kutoka gatini, bendera mkononi, kwa hatua ya kizalendo. Hatua ya kwanza ilimeza viatu. Ya pili ilimfikisha kiunoni. Bendi, ambayo haikuwa imepewa maelekezo mengine, iliendelea kupiga.

"Leteni mashua!"

"Mashua, nchi kavu?" Artiom alishangaa. "Tumekuitia trekta, mheshimiwa. Mwongozo ni mwongozo."

Watu wakaangua kicheko. Tope likazidi kumvuta.

"Mama, nihurumie! Yamenifika shingoni!"

Evdochia alikuwa ameshika kamba. Hakucheka.

"Nini kimekufika?"

"Shingoni!"

"Sijauliza wapi. Nimeuliza nini."

Mkurugenzi aliitazama kamba. Akaitazama bendera, ambayo sasa ilikuwa imebaki ncha tu.

"Maji!" alilia. "Ni maji, mama! Maji matupu!"

"Karani, umeandika?"

Karani, aliyeletwa kunakili hotuba, aliandika. Ndipo Evdochia akarusha kamba.

Kesho yake ofisi ilitangaza, kwa furaha ileile, kwamba eneo hilo ni nchi kavu yenye maji ya kudumu. Minyororo ikafunguliwa. Mkurugenzi haonekani tena gatini. Watoto wakimkuta mjini humuuliza kama amekauka.

Sasa mashua mbili hutoka kila asubuhi kwenda mbele ya mnara. Trifon bado hajapatikana.