Masomo ya Ulaya ya Mratibu Sostenes

Jumatatu asubuhi, Ofisi ya Uratibu wa Mambo Mtambuka, Masumbwe, iliingia rasmi Ulaya. Mratibu Sostenes aliwatangazia watumishi wake wote wanne, wakiwa wamesimama, kwamba chuo kikuu kimoja kinatoa cheti cha taaluma za Ulaya kwa njia ya mtandao: historia, sheria, uchumi, lugha na utafiti, vyote kwa pamoja, miezi tisa. Ofisi imepata nafasi moja. Baada ya mchakato shirikishi uliofanyika kichwani mwake, nafasi hiyo aliipata yeye.

Kisha akamwita Scolastika, karani wa masijala.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Mama Vumilia. Mimi nimesajiliwa. Wewe utasoma."

"Na cheti kitakuwa cha nani?"

"Hiki ni cheti mtambuka. Watu wawili, cheti kimoja."

Kwa miaka kumi na mmoja Scolastika alikuwa akipanga mafaili ambayo hakuna aliyewahi kuyaomba. Alikwenda kwenye kompyuta amenuna. Wiki ya tatu hakununa tena. Alisoma jinsi wafugaji wadogo wa Denmark, zamani hizo, walivyounganisha maziwa yao wakajenga kiwanda chao, mwenye ng'ombe wawili akiwa na kura moja sawa na mwenye hamsini. Siku hiyo alisahau hata kwenda kula.

Mratibu naye alitekeleza sehemu yake. Alinunua koti la baridi. Alianza kunywa kahawa bila sukari, akikunja uso kwa maslahi ya umma. Mwananchi akija na shida ya kisima, alijibiwa, "Wenzetu kule Ulaya..." kisha simu ya Mratibu ikaita.

Utafiti wa mwisho Scolastika aliuandika kwa siku arobaini. Aliwalinganisha wale wafugaji na kina mama wanaoponda mawe ya dhahabu mwaloni, pale wachimbaji wanapochenjulia, kila mmoja akimuuzia broka peke yake na kupunjwa peke yake. Hakuhitaji kubuni, aliwahi kuponda pale. Mratibu alisaini kazi hiyo bila kuifungua, kwa kuwa anawaamini watumishi wake.

Siku ya mtihani wa ana kwa ana, Dokta Bernadina alifika kutoka chuoni. Scolastika aliwekwa pembeni aandike kumbukumbu. Mratibu alikuwa ndani ya koti, jasho likimtiririka hadi kwenye tai.

"Kazi nzuri sana," Dokta alisema. "Ila ukurasa wa kumi na nne unasema, 'Nilikuwa nikiponda mawe huku namnyonyesha mwanangu.'"

Mratibu alikohoa. "Ndiyo. Hali ilikuwa ngumu."

"Ulinyonyesha wewe?"

"Kwa kushirikiana na wadau."

"Hadi mtoto akafikisha umri gani?"

"Hadi mwisho wa robo mwaka."

Kalamu ya Scolastika ilisimama. Akinyamaza, atapanga mafaili hadi kustaafu. Akisema, huenda kesho hata mafaili yenyewe asiyaone.

"Miezi kumi na minane," alisema. "Ni Vumilia, mwanangu. Aliyeandika ni mimi."

Dokta akageuza kiti. Alimhoji saa nzima, na kila jibu lilitoka na mfano mmoja wa Denmark na mwingine wa mwaloni. Chuo kilifuta usajili wa Mratibu, kikamsajili Scolastika, na baada ya miezi miwili cheti kikaja na jina lake. Wakubwa wa mkoa, wakitambua kiu ya elimu aliyokuwa nayo Mratibu, walimwagiza aurudie utafiti kwa mikono yake, Scolastika akiwa msimamizi.

Mratibu alifika mwaloni saa mbili asubuhi.

"Mwangaluka, bhabha," Mbuke, mwenyekiti wa kina mama waponda mawe, akamwamkia kwa Kisukuma, akamkabidhi nyundo.

Kufikia saa nne Mratibu alikuwa ameponda jiwe moja na kidole gumba kimoja.

"Samahani," akauliza, "watafiti hapa hupewa chai saa ngapi?"

"Ikishachemka," alisema Mbuke. "Na huku huchemsha aliyekuja mwisho."

Mratibu akatazama huku na huku. Hakukuwa na mwingine aliyekuja baada yake. Akapiga magoti mbele ya mafiga, akaanza kupuliza moto.