Ombi la Kugeuza Picha Thelathini na Moja Zitazame Ukuta

Kwa Msimamizi wa Maonyesho,
Makumbusho ya Kambi ya Wasanii.

Ndugu Msimamizi,

YAH: PICHA ZILIZOTUNDIKWA KINYUME

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni mtoto wa pili wa mpishi wa Kambi ya Wasanii, ile iliyokuwa kwenye mabanda ya zamani ya kukaushia samaki pale ufukweni, ambayo historia yake umeifungulia maonyesho ya vyumba vinne. Nimeyatembelea mara tatu. Nakupongeza kwa taa. Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili usipate taabu ya kuyajibu moja moja.

1. Katika chumba cha tatu, chini ya picha ya mabaki ya banda kubwa, umeandika: "Kambi ilifikia mwisho wake kwa moto ulioanzia jikoni, kutokana na uzembe wa mpishi." Mpishi huyo ni mama yangu. Ana miaka themanini na minne, anaishi mtaa wa pili kutoka ofisini kwako, na masikio yake hayana tatizo. Tangu shemeji yangu, mke wa kaka, alipokuja kutazama maonyesho na mafundi cherehani wenzake, mama amevuliwa jiko. Juzi tulikuwa na wageni. Mama akainuka kwenda kukoroga mchuzi, mkwewe akamwahi mlangoni: "Mama, wewe pumzika tu, moto tutautazama wenyewe." Aliyasema kwa adabu zote, na ndiyo maana hayakuwa na dawa. Mama alirudi kuketi. Mtu aliyewapikia wasanii ishirini na wawili kwa miaka kumi na moja, leo akitaka chai anasubiri aletewe.

2. Mama hakuwa zamu. Moto ulitokea siku ya Alhamisi, kama ulivyoandika mwenyewe bila kukosea. Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko, na wasanii walipokezana jiko. Ushahidi upo, tena uko kwako, ila umeulaza kifudifudi.

Pale Kambini karatasi haikudumu. Orodha yoyote iliyobandikwa ukutani ilikuwa imechorewa farasi kabla ya saa sita mchana. Kitu pekee ambacho msanii hakuthubutu kukichezea ni turubai la mwenzake. Basi kila Jumapili turubai jipya lilipowambwa, zamu za wiki ziliandikwa mgongoni mwake kwa rangi nyeusi: nani maji, nani kuni, nani jiko la Alhamisi. Kisha mwenye turubai akachora upande wa pili wiki nzima. Picha yako namba kumi na nne, "Mwanamke Ameketi", ni ya wiki ya moto. Nilikuwa na miaka tisa, kusoma ndiyo kwanza nimekujua, nami nilisoma kila kilichosimama mbele yangu. Mgongoni mwa picha hiyo jiko la Alhamisi ni la yule mchoraji unayemwita Baba wa Kambi. Sisi wa jikoni tulimwita Nakuja, kwa kuwa ndilo jibu pekee tulilowahi kupata kutoka kwake.

3. Nilijaribu kuisogeza picha hiyo kidogo nisome. Mlinzi wako, mama mmoja mstaarabu, akaniambia, "Baba, hiyo si tikiti maji, haigeuzwigeuzwi." Nikamweleza kwamba natafuta aliyekuwa zamu. Akasema aliyekuwa zamu hamjui, ila aliye zamu ni yeye, na mlango ni ule. Silalamiki juu yake. Nakuja angekuwa na nusu ya moyo wa kazi wa mama yule, banda lingekuwa limesimama hadi leo.

4. Kwa hiyo naomba picha zote thelathini na moja zigeuzwe zitazame ukuta. Mbele zina bahari. Bahari iko hapo nje, haina kiingilio, na inatikisika. Nyuma ndiko kuna watu: nani alikwepa maji wiki tatu mfululizo, nani alikuwa mgonjwa, nani hakuwa akiongea na nani. Umeandika kwamba waliishi "kwa upendo na ushirikiano". Mgongo wa namba saba una jina moja lililofutwa mara nne, na pembeni yake neno ambalo sitaliandika hapa kwa kuiheshimu ofisi yako.

5. Haki ni haki. Picha zikigeuzwa, vinyago visibaki vinatazama watu. Navyo vigeuzwe. Wageni pia waingie kwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, kwa sababu Kambi nzima ililishwa kwa vitu vilivyoingilia mlango wa nyuma.

6. Wewe mwenyewe, utakapohutubia tena, nakuomba usimame ukiwapa wageni mgongo. Tafadhali usione ni utovu wa adabu. Nimekuwa karani wa bohari miaka thelathini, na najua kwamba mbele ya sanduku huandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Anayetaka kujua mzigo umetoka wapi na ulianguka mara ngapi hulizunguka. Hotuba yako ya ufunguzi, kwa mbele, ilikuwa nzuri sana.

7. Maelezo ya chumba cha tatu yasomeke: "kutokana na uzembe wa Baba wa Kambi, aliyekuwa zamu." Kisha uje nyumbani uyasome kwa sauti kwenye mlango wa jiko, shemeji yangu akiwepo. Nakupa siku kumi na nne.

Wasalimie watumishi wote wa makumbusho, wa tiketi, wa usafi na wa bustani, na yule mlinzi mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi, ninayesubiri kwa subira iliyobaki,

Mtoto wa Pili wa Mpishi

Baada ya sahihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mama, ajue kwamba anatetewa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama namba kumi na nne ina kitu cha kijivu kwenye kona ya juu. Nikamwambia ndiyo, na kwamba umekiita ukungu wa asubuhi. "Ukungu gani saa nane mchana? Lile jiko." Mwanamke aliyeketi ni yeye. Nakuja alikuwa zamu kweli. Aliinjika maharage, akatoka, akamwomba mama amkalie dakika kumi amchore. Moshi waliuona wote wawili. Nakuja akasema moshi ni mzuri mno, mama asitikisike, akauchora. Mama akatulia. Nilimuuliza kwa nini hakuinuka. "Mwanangu, miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniambia nikae. Na siku yenyewe Alhamisi."

Ameniagiza nikuombe picha isigeuzwe, maana anataka kuja kuitazama. Na neno "uzembe" lisiguswe. Anasema maishani mwake amezembea siku moja tu, na hakubali siku hiyo aandikiwe mwanamume.