Spika za Kabati la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Siku sita kabla ya mashindano ya spika za kujitengenezea pale mkahawa wa Mizuho. Makasha yangu mawili tayari, ya mbao za msunobari, madogo ya kukaa rafu ya vitabu. Nimeyapiga msasa mpaka mke wangu Sumie akauliza lini nilimsugua yeye mgongo.

Bado spika zenyewe. Nataka za zamani, za koni ya karatasi, zile ambazo kila moja hutoa sauti zote, nene na nyembamba. Jana nilizunguka maduka ya redio ya Akihabara kutwa. Muuza vipuri alisema jozi ya mwisho kaichukua Onodera. Onodera! Daktari wa meno mstaafu, bingwa miaka mitatu mfululizo. Mikono yake haitetemeki. Mimi karani wa posta.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezipata. Zimo ndani ya kabati la redio la mama mkwe, Bi Kikue, nyumba ya pili kutoka kwetu. Marehemu mumewe alimnunulia walipohamia Tokyo. Mama ana miaka sabini na tisa. Masikio yake mazito: ukimuuliza chai, anakujibu habari za mvua. Redio huisikiliza kiganja kikiwa juu ya kabati. Nikimtilia spika mpya nitakuwa nimemfanyia hisani. Hatajua.

Jumatano huenda bafu la mtaa saa tisa.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazini nilisema jino linauma. Mama alipotoka na beseni lake, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Skrubu nane. Ya sita ina kutu. Nimejikunja nyuma ya kabati, kichwa ndani, mara mlango ukafunguliwa. Jirani. Akaita mara mbili. Nikazuia pumzi mpaka masikio yakavuma. Akaacha kikapu cha matunda, akaenda zake.

Saa kumi kasoro robo nilikuwa nje, spika mpya zimo kabatini. Nyuma ya spika moja mtu kaandika kwa penseli: “Ya Kikue.” Nikaigeuza. Sikutaka kusoma zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama kamwambia Sumie kwamba mtangazaji wa habari ana mafua. Na mwimbaji wa saa mbili pia. Sumie akasema labda redio imezeeka. Nikakubali haraka mno, akanitazama.

Mama keshamwita fundi. Yupi? Yule anayewatengenezea wazee wa mtaa redio zao bure. Onodera. Anakuja kesho, kwa kuwa ni sikukuu. Samaki wangu wa kuchoma nikamsukumia Sumie.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilijitolea kushika tochi. Onodera akafungua kabati, akatazama ndani muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

“Bwana Moriwaki,” akasema polepole, “spika hizi hazijamaliza hata wiki humu.”

Nikasema vitu vya siku hizi hukaa vipya sana. Hakucheka. Akafunga skrubu moja moja, akamwinamia mama sikioni, akamkaribisha mashindanoni. Kiti cha mbele.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niliwaza kuugua. Niliwaza kuzirudisha, lakini mama hakutoka kutwa. Mwisho nikazifunga kwenye makasha. Nikajaribu kidogo tu. Fidla ikapanda, malaika yakanisimama. Sirudishi.

Jumapili, 12 Oktoba

Watu thelathini, mkahawa mmoja mdogo. Zamu yangu ikafika. Fidla ilipoanza, hata vikombe vilinyamaza. Onodera alifumba macho. Nikajua nimeshinda.

Mama mkwe akainuka. Akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya kasha la kushoto, akasimama hivyo mpaka wimbo ukaisha.

“Mkwe wangu,” akasema, “ungeniomba, ningekupa.”

Sumie alikuwa anatazama sakafu.

“Sasa zirudishe. Habari ni saa moja.”

Nikajitoa mashindanoni. Onodera akatwaa ubingwa wa nne, zawadi akaiacha mezani, akaja kunisaidia kubeba. Ile skrubu yenye kutu aliibadilisha yeye.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mtangazaji kapona. Sumie haongei nami; kaniwekea wali na tunda moja lililochachushwa kwa chumvi. Niliinama mbele ya mama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nikaapa: sitagusa tena cha mtu. Niliapa kwa moyo wote. Hata nililia.

Jioni Onodera kanialika chai, anipoze. Mtu mwema, nilimdhania vibaya. Alisema mtu aliyepata sauti ile ana sikio, asikate tamaa. Alipokwenda kuchemsha maji, nikaangalia spika zake za ushindi pale rafuni. Skrubu nne nne. Hazijakazwa sana.

Alhamisi anakwenda Nagoya kuwaona wajukuu. Kaniomba nimmwagilie maua. Ufunguo nimeupokea kwa mikono miwili.