Kumfufua Mpima Ardhi

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi wa makumbusho ametukusanya asubuhi kabla hata ya chai. Jumamosi tunatimiza miaka hamsini, na anataka tumfufue mtu mmoja wa kale wa mji huu. Mmoja wetu atavaa kama yeye, atakaa ukumbini na kujibu maswali ya wageni kana kwamba amerudi duniani jana. Kila mfanyakazi alete jina, Jumamosi tupige kura. Mwenye jina litakaloshinda ndiye atakayevaa, tena atapewa kile chumba cha juu kilicho wazi, chenye dirisha.

Moyo ulinipasuka kwa tamaa. Mimi ni mtunza kadi. Nakaa chini kabisa, kwenye makabati, na mwanga wangu ni taa moja na tundu la hewa lenye nondo. Lakini nyumbani nilishasema nimepandishwa juu. Nilisema mwaka jana, siku moja ya furaha, na tangu hapo lile dirisha limekuwa likikua. Sasa lina pazia. Mama mkwe anakuja keshokutwa, na Jumamosi anataka kuliona kwa macho yake.

Lazima nishinde.

Jumanne, 4 Machi

Mchoraji wa vibao, ambaye salamu zake ni za shingo upande tangu nimwambie herufi zake zimelala, ameleta jina la Mkunga wa Kwanza. Ati alizalisha nusu ya mji. Nimecheka peke yangu ngazini. Nani atamtaka tena mtu aliyempokea kwa kofi la makalio?

Mimi nimemchagua Mpima Ardhi wa Kwanza, aliyechora mitaa yetu. Nimechagua kwa hekima. Kadi yake ina maneno matatu tu: Alifika. Alipima. Aliondoka. Hana picha, hana wajukuu, hana kaburi. Mtu wa namna hiyo ukimsifu hakuna wa kukupinga.

Jumatano, 5 Machi

Nimeitoa kadi ya Mpima Ardhi ili niitie nyama kidogo. Sheria ya makabati ni moja, na nimeitetea miaka kumi na tisa: ukitoa kadi, unaacha yenye jina na anwani yako palepale, ili anayeitafuta ajue iko kwa nani. Nimeiacha yangu. Droo ya Waliofariki, safu ya tatu. Huo ndio utaalamu.

Kufikia mchana Mpima Ardhi alikuwa anajua lugha kumi na moja. Alikuwa amemwokoa mtoto kisimani. Alikuwa pia na upara, maana mimi ninao na sitaki kuvaa nywele za bandia.

Mama mkwe amefika jioni. Hata maji hajanywa, ameuliza dirisha langu linatazama wapi. Nimesema mashariki. Mke wangu amekohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kutafuta kura. Nimeanza na mlinzi. Ameuliza, kama huyo bwana alikuwa fundi hivyo, mbona mtaa mkuu umepinda mara mbili. Nimesema alikwepa mti. Akauliza mti gani. Nikasema ulikatwa. Akauliza nani aliukata. Nikasema nina kazi nyingi.

Jikoni nimemkuta mchoraji akisimulia habari za Mkunga. Kumbe mkurugenzi mwenyewe alizaliwa mikononi mwake! Naye mkurugenzi, mama wa watu, alikuwa pale anafuta machozi kwa karatasi ya ofisi. Hiyo si kampeni, hiyo ni hila. Nimerudi chini nikaongeza kwenye kadi kwamba nyumba ya Mkunga ilipimwa na Mpima Ardhi.

Alasiri katibu ameshuka kunakili majina yote ya droo ya Waliofariki. Yatasomwa Jumamosi kabla ya dakika ya ukimya, na familia zao zitapelekewa barua za mwaliko kwa mkono. Ameandika majina na anwani mfululizo bila kuinua kichwa. Nimemsifu. Umakini kama ule siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Ijumaa, 7 Machi



Nimefika nyumbani saa kumi na moja jioni, nikakuta viatu vimejaa mlangoni na ndani watu wanalia. Nimesimama kwanza barazani nisikilize, maana si adabu kuingia msibani hujui aliyekufa ni nani. Mama mkwe alikuwa anasema marehemu alikuwa mwongo wa kutupwa, lakini uongo wake haukuwahi kumla mtu, na ndani ya nyumba hii binti yake hajapitisha siku bila kucheka. Nikamwonea wivu huyo marehemu. Mimi mama mkwe hajapata kunisifu hata kwa bahati mbaya.

Ndipo jirani yetu, mshona nguo, aliponiona akaangusha sinia la vikombe.

Barua ilikuwa mezani: familia ya marehemu, kisha jina langu lote, mnaalikwa kumkumbuka mpendwa wenu. Nikaikumbuka kadi yangu, safu ya tatu. Walikuwa wamenipigia simu mchana kutwa, na kule chini simu haishiki. Mke wangu alikimbilia makumbusho akakuta pamefungwa kwa usafi wa sherehe. Aligonga hadi vidole vikavimba, nami nilikuwa chini namtungia mtu maisha. Alinikumbatia kifungo cha shati kikaruka. Nikalia na mimi, kwa sauti, mbele ya majirani.

Walipoondoka nikasema yote. Sina dirisha, sijapandishwa, nakaa na makabati. Mke wangu akasema anajua tangu mwaka jana. Akienda sokoni hupita nyuma ya makumbusho, na kwenye tundu la hewa huuona upara wangu; leo tu ndipo alilikuta limezibwa kwa turubai la usafi. Amewahi hata kuudondoshea karanga. Nilidhani ni panya. Mama mkwe naye alijua. Lile swali la dirisha aliuliza kwa kujiburudisha tu.

Mwaka mzima nimebeba gunia peke yangu, kumbe ni tupu. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mkunga ameshinda kwa kura kumi na moja. Mpima Ardhi amepata moja, na naijua. Mchoraji amevaa gauni na kitambaa kichwani, amewauliza wageni wazima kama wananyonya vizuri, na ukumbi mzima umecheka hadi kuinama. Nami nimecheka. Chumba cha juu ni chake, na sikuumia kama nilivyotarajia.

Orodha ya marehemu hakuna aliyeirekebisha. Katibu alipofikia jina langu niliitika nipo, kwa mazoea. Watu wakapiga makofi, mama mkwe akizidi wote. Baadaye akashuka chini kuona ninapokaa. Akapapasa makabati, akasema pana ubaridi mzuri, na kwamba mtu anayejua kila kitu kiko wapi si mtu mdogo.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala usingizi wa mtoto. Nimeamka nimeapa: uongo basi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshafika mwisho wake. Niseme ukweli hata ukiwa mkavu.

Saa tatu nimemkuta mshona nguo uani akianika. Ameuliza kwa upole kama kweli ile barua ilikosewa tu. Jibu lilikuwa neno moja. Lakini alinitazama kwa macho ambayo sijatazamwa nayo maisha yangu yote, shati likimdondokea maji miguuni, na neno lile likakataa kutoka. Nikasema nilikwenda, ila kwa muda mfupi. Akaketi juu ya ndoo. Ikabidi niendelee. Nikasema aliyenipokea ni Mpima Ardhi, ana upara, anawasalimu.

Habari zimeenea, na watu wanakuja leo saa kumi kusikia salamu hizo, kila mtu akitaka ya kwake. Watu kumi na wawili mpaka sasa, mlinzi na mchoraji wakiwemo. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Mama mkwe ameshaanza kupanga viti.