Nimelala Kwenye Kitanda cha Harusi ya Watu

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya wanawake tisa, kifua wazi, juu ya kitanda cha harusi ya watu. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa kule machimboni kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine, maana hapa Kahama habari hupanda basi mapema kuliko abiria.

Mnajua tangu nirudi mjini sipati usingizi. Sisemi ule wa kuchelewa kidogo. Nasema kulala chali saa nne, kuwasikiliza mbwa wote wa Nyahanga mmoja baada ya mwingine mpaka nikawa nawatambua kwa sauti, halafu adhana ya alfajiri inanikuta macho makavu. Miaka miwili sasa. Kazi yangu kule, mnakumbuka, ilikuwa kulinda pampu ya kunyonya maji shimoni, kule duarani, usiku kucha. Pampu ikinyamaza, walioko chini wanaanza kulowa. Basi nikajifunza kulala na sikio moja limesimama. Kazi nimeiacha, sikio limekataa kukaa.

Nimejaribu kila kitu. Maziwa ya moto (nilikonda mfuko, tumbo likanenepa). Kukimbia kuzunguka uwanja wa mpira saa tatu usiku, mpaka sungusungu wakanisimamisha kuniuliza nimeiba nini. Babu mmoja aliniambia nihesabu ng'ombe wakiingia zizini. Nikahesabu. Nilipofika mia mbili nikaanza kuwaza nitawalisha wapi, na hapo ndipo palipokucha.

Sasa hivi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Nurali. Mzee ni mvumilivu, lakini siku nilipompimia mteja misumari kilo tatu nikamfungia na kikombe changu cha chai humo humo, aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia niende kwa Mama Minza, tena kesho yake, na kwamba saa hizo atanihesabia niko kazini.

Mama Minza ni nesi mstaafu, Msukuma wa Ushetu, mwanamke mwembamba ambaye saa yake bado anaibandika kifuani kwa pini kama yuko wodini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikalisha, akafungua daftari la shule. Nilitegemea kidonge. Hakunipa hata kimoja. Aliniuliza maswali kama karani wa sensa: napanda kitandani saa ngapi, nalala saa ngapi, naamka mara ngapi, chai nakunywa vikombe vingapi na cha mwisho saa ngapi. Nilipomwambia cha mwisho ni saa tatu usiku, chai ya rangi, nzito, aliweka kalamu chini akanitazama kwa huruma.

Halafu akanipa kanuni. Chai mwisho saa sita mchana. Kitanda ni cha kulalia tu, si cha kulia wali wala kusikilizia mpira. Saa yangu ya mezani, ile inayogonga gonga, nimpelekee yeye aiweke, kwa sababu mtu asiyelala akiangalia saa anaanza kufanya hesabu badala ya kulala. Kuamka ni adhana ya alfajiri, hata kama nimelala dakika kumi. Na kulala, hapo ndipo nilipodhani amechanganyikiwa, nisilale mapema. Nisubiri redio ifunge matangazo saa sita usiku.

"Redio ikifunga, na wewe funga macho," alisema. "Usingizi wako ni mchache, ng'wanawane, mwanangu. Uji mchache ukiumwaga kwenye sinia hauonekani. Tuutie kikombeni kwanza."

Jamani, yule mama ana akili. Wiki ya kwanza niliteseka. Wiki ya pili nikalala saa tatu mfululizo, nikaenda kumwambia nusura nilie, naye akaandika kwenye daftari "saa 3", akapiga mstari chini yake kwa rula. Wiki hii nimefika saa nne na nusu. Kila Jumatatu ananikagua macho, ananikagua ulimi, anasoma daftari kana kwamba ni barua ya mwanawe. Hataki malipo. Nilimpelekea kuku, akampokea, akanipikia, tukala wote.

Alinionya jambo moja tu. Wiki hizi za mwanzo nitasinzia mchana kama kuku aliyepigwa na jua, lakini nisilale. Nikilala mchana nimekula chakula cha usiku. Niliapa. (Kumbukeni kwamba niliapa.)

Basi leo, saa saba mchana, Mzee Nurali akanituma nipeleke kopo la vanishi kwa Fundi Masanja, seremala wa hapa hapa Nyahanga. Jua lilikuwa kali. Nilipofika, Fundi alikuwa anatoka kwenda kutafuta chapati. Akaniomba nimlindie banda kidogo, hasa kile kitanda, maana wenyewe wanakuja kukichukua saa kumi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Nikakitazama. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona kitanda kama kile. Mninga mtupu. Kwenye ubao wa kichwani amechonga korongo wawili wamepishana shingo, na unyoya mmoja mmoja unauona. Fundi Masanja amekaa nacho miezi miwili. Godoro jipya lilikuwa juu tayari, limetandikwa shuka jeupe, kwa sababu wenye harusi walilileta asubuhi lipimwe kama linaenea.

Nikakaa pembeni. Kukaa tu. Joto likanizidi, nikavua shati nikalitundika kwenye ubao wa kichwani. (Kosa la kwanza.) Nikavua viatu, nisichafue. (Kwa heshima, mnaona.) Nikajiegemeza kidogo nione kama miguu ya kitanda inalia. Haikulia.

Sasa, mgongoni mwa banda la Fundi kuna mashine ya kukoboa mpunga. Ilikuwa inanguruma, du-du-du-du, mlio mmoja, haupandi haushuki. Mwili wangu ukasikia kitu unachokijua. Pampu inafanya kazi. Walioko chini wako salama. Nilihisi sikio langu, lile lililosimama miaka miwili, linakaa chini taratibu.

Nikalala, ndugu zangu. Nikalala kama gunia lililoshushwa.

Nilichokuja kuambiwa baadaye ni hiki. Wenye harusi walipata gari mapema, wakaja saa nane badala ya saa kumi. Wanawake tisa, wengine na kanga za sare, wanaimba. Waliingia bandani wakiimba na mimi sikusikia. Wimbo ukakatika wenyewe. Wakasimama wamekizunguka kitanda, wakinitazama nakoroma, mate yamelowesha shuka la bibi harusi ukubwa wa sahani. Mmoja alidhani nimekufa. Mwingine akasema maiti haikoromi. Anayeongoza msafara alikuwa Bi Tatu, mama mzazi wa bwana harusi, mwanamke wa mjini mwenye sauti na mwili wa kuitosha sauti hiyo. Aliinama ili anitikise bega.

Wakati huo huo mwenye mashine akazima injini.

Kimya.

Wenzangu, nyinyi mnajua. Mwili haukuniuliza. Niliruka juu ya lile godoro nikasimama, macho wazi lakini sioni mtu, nikapiga kelele kwa sauti ya kufika futi sitini chini ya ardhi: "Pampu imezima! Tokeni! Tokeni wote, maji!" Nikamkamata Bi Tatu mkono kwa mikono miwili, nikaanza kumvuta juu kama mnavyojua mtu anavyovutwa kutoka duarani, mguu mmoja nimeuegemeza kwenye korongo. Alikuja. Nusu ya mwili wake ilikuwa imeshafika kitandani ndipo nilipoona kanga, nikaona sare, nikaona watu tisa wamefungua midomo.

Na wa tisa, aliyesimama karibu na mlango na saa yake kifuani, alikuwa Mama Minza. Kumbe ni shangazi wa bibi harusi. Hakuwahi kuniambia, na kwa nini angeniambia?

Nilishuka. Nikavuta shati langu nijisitiri, halikuja. Vanishi ya ubao wa kichwani ilikuwa imepakwa asubuhi na bado inanata. Nikavuta kwa nguvu. Shati likaja, mfuko ukabaki na korongo.

Hapo Fundi Masanja akafika na chapati zake kwenye karatasi. Aliangalia kitanda, akaniangalia mimi, akaziweka chapati chini polepole. Bi Tatu alikuwa ameshapata pumzi. Alisema kitanda hakibebwi. Mwanaume asiyejulikana amekilalia kabla ya wenyewe, tena ameamka akitangaza watu wanakufa maji; hiyo si harusi, huo ni mkosi, na Fundi atafute pa kukipeleka. Wanawake wawili wakaunga mkono. Fundi alikuwa anaupapasa ule unyoya wa korongo kwa kidole gumba, nami nilitamani mashine ya mpunga inikoboe.

Mama Minza alipita katikati yao. Mimi nilidhani anakuja kunigombeza. Alivuta kigoda akanikalisha, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake akahesabu mapigo ya moyo. Watu wote wakanyamaza wakimsubiri amalize, kwa sababu mtu akihesabu huwezi kumwingilia. Alipomaliza akauliza taratibu ni pampu gani hiyo.

Nikamweleza. Nikawaeleza wote, kwa sababu hapakuwa na pa kujificha. Hata lile ambalo nyinyi mnalijua nami sikuwahi kumwambia mtu hapa: usiku ule niliposinzia pampu ikazima, na vijana wawili wakatoka duarani maji yakiwa shingoni. Hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo kimya kikiingia, naamka.

Mama Minza akageuka. Hakupaza sauti.

"Huyu ni mgonjwa wangu," alisema. "Miaka miwili halali. Nimemuuliza habari za chai na habari za saa, sikumuuliza habari za kazi aliyotoka. Hilo ni kosa langu, si lake wala la Fundi. Lakini nyote mmesikia alivyoamka. Hakusema niokoeni. Alisema tokeni. Mtu wa namna hiyo akilala kwenye kitanda cha mtoto wangu, mimi siuoni mkosi."

Wazee wangu, nesi mwenye miaka thelathini kazini, mbele ya wakwe, siku mbili kabla ya harusi, anasema kosa ni lake. Mimi ningemtaja mtu mwingine.

Bi Tatu alikuwa anausugua mkono niliouvuta. Nilijua hatasahau. Kumbe alikuwa anawaza jambo jingine. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikutegemea ingetoka mwilini mule:

"Mwanangu huyu anayeoa naye anachimba, upande wa Geita. Duara lao pia lina maji. Anayelinda pampu yao, analala?"

Nilimjibu kwamba kama ni mlinzi kweli, halali. Akatikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akamwambia Fundi autoe ule mfuko wa shati, apige mkono mwingine wa vanishi, kitanda kitachukuliwa kesho. Na shuka nikalifue mimi mwenyewe, leo, kwa mikono yangu. Fundi Masanja alishusha pumzi ndefu, akamwambia Mama Minza "wabeja", akairudia shukrani hiyo ya Kisukuma mara tatu, halafu akanipa chapati moja. Sikustahili. Niliila.

Nimelifua. Nimelianika uani, na jirani zangu wote wamepita mmoja mmoja kulitazama kama wanakagua bendera. Kutoka posta hadi stendi sasa naitwa Bwana Harusi. Mzee Nurali, mtu asiyecheka, ameingia stoo akakaa dakika tano, na mabati yalikuwa yanatikisika.

Jioni nilipita kwa Mama Minza. Alikuwa amefungua ukurasa mpya kwenye daftari. Juu ameandika "Kimya". Dawa ya wiki hii: kila jioni nikae kwake kibarazani, robo saa, bila redio, bila maongezi, yeye akichambua mchele. Moyo ukishtuka nimwambie, ahesabu mapigo, tuendelee kukaa. Leo tumeanza. Ulishtuka mara nne. Mara ya nne aliniambia bila kuinua macho kwenye ungo, "Kimya cha Nyahanga hakina maji." Mara ya tano haikuja.

Kuhusu kiapo changu cha kutolala mchana hajasahau. Ameamuru leo nisifunge macho kabla ya redio kufunga, na ndiyo sababu naandika barua ndefu hivi. Asubuhi naikabidhi kwa kondakta wa basi.

Bi Tatu naye ametuma ujumbe kupitia kwa Fundi. Amenialika harusini Jumamosi, nitakaa mstari wa mbele na wazee, kwa sharti moja: nije nikiwa nimeshalala. Leo ni Alhamisi. Nina usiku wa leo na wa kesho tu, kwa hiyo wenzangu nawaomba, msinicheke kwa sauti.