Kichupa cha Dozi Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Dozi tisa za chanjo ya surua zimepotea leo, saa nne na robo asubuhi. Muuguzi amefungua kichupa cha dozi kumi kwa mtoto mmoja! Kikifunguliwa, jioni ni jaani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mkuu, mtoto kafika, nimrudishe tumboni? Mimi niliyeanza hapa kwa kufagia, leo mkuu wa chanjo, nijibiwe hivyo!

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika amri: hakifunguliwi hadi wafike kumi kamili. Ufunguo wa jokofu mfukoni mwangu. Wakaja tisa. Tukasubiri. Saa sita wakaondoka wanne, wameacha vyungu motoni. Akaja mmoja, wakaondoka watatu. Hesabu inarudi nyuma! Waliochanjwa: sufuri. Upotevu: sufuri. Safi. Muuguzi akasema hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara hajapoteza dozi.

Jumatano, 5 Machi
Nimetuma gari la kipaza sauti. Kumi na saba! Kumi wamechanjwa, saba warudi kesho. Wa kumi na moja: binti yangu, na mjukuu wangu wa miezi tisa. Akasema baba, surua imeingia nyumba ya jirani. Nikamwambia hapa mimi si baba, ni mkuu. Akanisonya. Mbele ya foleni!

Alhamisi, 6 Machi
Hakurudi hata mmoja. Mke wangu kasema mjukuu akiugua, nikalale kwenye jokofu langu. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebeba boksi la barafu, muuguzi nyuma, mlango kwa mlango. Wote saba tumewapata, tukawakusanya kwa binti yangu. Mjukuu hana homa. Nimempima mara tatu. Nikasema sasa tutafute watatu wengine. Binti akasema baba, ukitoka na hilo boksi usirudi. Nikageuka: muuguzi keshafungua! Mjukuu kalia sekunde kumi na moja, kisha akanishika pua. Nilifurahi, nakiri. Lakini dozi tatu!

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga hesabu usingizi ukakataa. Kosa si la amri yangu. Watoto ndio pungufu. Nimemwandikia binti barua rasmi, nakala kwa mkwe: mimba miezi tisa, umri wa chanjo ya surua miezi tisa, jumla mwaka na nusu. Azae mapacha watatu, na hakimwagiki kitu. Watapatikana, hawatapatikana? Nataka ndiyo au hapana, mwisho Jumatatu saa tatu kamili asubuhi.