Posa kwa Nusu ya Uso

Jumatatu, 8 Juni 1992

Shavu la kulia limevimba. Gego la mwisho. Nimelala juu ya shavu la kushoto usiku kucha, sasa shingo nayo inauma.

Gego limechagua wiki mbaya. Jumamosi naenda Mlali na mshenga wangu, Elia, kumposa Yuliana. Ni mjane, ana akili, anacheka polepole. Atakayetoa neno ni mjomba wake, Mzee Kasiani, kwa kuwa kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye usemi. Tatizo ni Laurenti. Tulipunguzwa pamoja kiwandani. Mimi nikaingia kwenye mitumba hapa Bigwa, yeye akanunua mashine ya kusaga. Sasa ana unga hadi kwenye nyusi na watu wanamwita mkurugenzi. Naye anamtaka Yuliana.

Nimepata wazo. Mjini kumefunguliwa kliniki binafsi ya meno, ya Daktari Taramati. Hakuna mtu wa Bigwa aliyewahi kung'olewa jino kwa daktari wa kulipia. Nitakuwa wa kwanza. Mzee Kasiani atajua anaozesha kwa mtu wa maana. Mashine ya kusaga haiwezi kushindana na hilo.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda. Daktari Taramati ni mama mfupi, mpole. Kazaliwa hapahapa mjini na Kiswahili chake kinanishinda. Amenipa dawa ya kupunguza uvimbe, akasema nirudi.

Ukutani kuna picha ya mtu aliyechunwa ngozi ya uso, ana nyuzi za njano. Daktari akanieleza kwamba huo ni mshipa wa fahamu wa uso, yaani neva. Unatoka kwenye mfupa chini ya sikio, unapenya ndani ya tezi ya mate, halafu unagawanyika matawi matano kama mkono uliofunguliwa. Paji la uso, jicho, shavu, mdomo, shingo. Daktari wa meno asiyejua unapopita, alisema, anaweza kumtoa mtu jino na kumwachia uso uliolala. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa atulie kabisa sindano ikiwa ndani.

Nikauliza kama ndio unaoniuma. Akasema hapana, unaouma ni mwingine, huu kazi yake ni kuuchezesha uso. Nikasema basi ni kama umeme, waya mmoja wa taa na mwingine wa pasi. Akafikiri kidogo, akasema tuseme hivyo. Nikafurahi. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, ingawa nilipofika nyumbani sikukumbuka waya wa pasi ni upi.

Alitaka anitoe jino Ijumaa. Nikamwomba iwe Jumamosi asubuhi. Pamba ya kliniki ikiwa bado mdomoni, Mlali wataiona. Akasema nikitoka hapo nikapumzike nyumbani. Nikasema bila shaka.

Jumamosi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kiti kilikuwa kizuri. Daktari akasema nifungue mdomo sana na nisigeuke. Sindano ikiwa imeshaingia, nikasikia sauti ya Laurenti nje, kwenye benchi. Nikageuka.

Hakuwa Laurenti. Alikuwa mzee mmoja anaulizia choo.

Jino lilitoka salama. Lakini daktari akawa ananitazama. Akaniambia nipandishe nyusi. Nikapandisha. Nifumbe macho. Nikafumba. Nioneshe meno. Nikaonesha. Halafu akanipa kioo, nikaona kwamba yote hayo nilikuwa nimeyafanya upande wa kushoto tu. Upande wa kulia ulikuwa umetulia kama wa mtu mwingine.

Akanieleza taratibu. Nilipogeuka, dawa ya ganzi ilikwenda nyuma mno, ikafika kwenye tezi ambamo neva inapita. Neva imelala. Itaamka yenyewe baada ya saa chache. Akanifunika jicho la kulia kwa pamba na plasta, maana jicho lisilopepesa hukauka na kuingia vumbi. Akasema nisitoke pale mpaka uso urudi.

Nikasema naenda chooni. Yule mzee alinionesha njia.

Tukapanda pikapu ya nyanya na Elia. Njiani nikabandua plasta. Mposaji hawezi kwenda ukweni na jicho moja. Elia alinitazama sana, akauliza kama nimeshawaaga ndugu, kama mtu anayekwenda kufa. Sikumwelewa.

Mlali walitupokea vizuri. Nikamwamkia Mzee Kasiani, shikamoo ikatoka bila ile m yake. Akaitikia marahaba kwa wasiwasi. Mkewe, Mama Angelina, alikaa mbele yangu. Yuliana akaleta chai, akakaa mkekani. Elia akaanza maneno ya posa, naye ana maneno mazuri. Mimi nikatabasamu. Nusu yangu ikatabasamu. Chai ikatoka pembeni, ikaingia kwenye kola.

Halafu Mama Angelina akahamisha kigoda chake. Nikageuka kumfuata kwa heshima, nisionekane nimempa shavu. Akahama tena. Sikuelewa. Mtu kupepesa macho si kosa. Lakini jicho la kulia halikufumba. Lililokuwa linafumba ni la kushoto peke yake, kila mara, na mimi nilikuwa namtazama yeye.

Mzee Kasiani akamkatiza Elia. "Bwana Fransisko," akasema taratibu, "umekuja kumposa mpwa wangu, au umekuja kumkonyeza mke wangu?"

"Nafenda Yuliana," nikasema.

"Unafanya nini?"

"Nafenda."

"Amelewa," Mama Angelina akasema. "Mchana huu."

Elia alinishika mkono tukaondoka. Yuliana hakuinua macho. Hilo ndilo linaloniuma, na sijui ni kwa waya upi.

Jumapili, 14 Juni

Uso ulirudi jana jioni. Nimefumba macho yote mawili mbele ya kioo, nikapiga na mluzi. Jicho la kulia tu ni jekundu kwa vumbi la njiani.

Kanisani wanawake wa safu ya mbele walijifunika kanga nilipopita.

Mchana Yuliana akaja mwenyewe. Hakukaa. Akasema ametembea na aibu tangu Mlali, nimweleze kwa ufupi. Nikamweleza sindano, tezi, matawi matano. Akaniambia nimwoneshe. Sasa nitaonesha nini, na uso umeshapona? Nikaona nimsaidie aamini. Nikaulegeza upande mmoja, nikapindisha mdomo, nikafumba jicho.

Akanitazama jicho moja, kisha la pili. "Jana lililokuwa linafumba ni la kushoto," akasema. "Leo umefumba la kulia."

Akaondoka. Ukweli nilikuwa nao mkononi, nikauharibu kwa kuuongezea.

Jumanne, 16 Juni

Yuliana ni mtu wa ajabu. Alirudi asubuhi, akasema twende kwa huyo daktari wako kama yupo.

Yupo. Daktari Taramati alinigombeza mbele yake kama mtoto. Kwamba nilitoroka. Kwamba jicho lingeweza kupata kidonda. Kwamba alinitafuta hadi nyuma ya choo. Yuliana alisikiliza, na kadiri nilivyogombezwa ndivyo uso wake ulivyolainika.

Kisha akaisogelea ile picha. Akaweka kidole chini ya sikio, akafuata nyuzi mpaka jichoni, mpaka mdomoni. Akauliza: kwa hiyo jicho gonjwa ni lile lisilofumba, na lililoonekana linakonyeza ndilo zima? Daktari akasema ndivyo hasa. Mimi bado nilikuwa nahesabu matawi.

Nje akacheka, polepole, mpaka akashika ukuta. Akasema mimi nina bahati kwamba ni mjinga na si mhuni. Atamweleza mjomba. Nikifika tena Mlali nikae, ninywe chai, ninyamaze. Nisibuni kitu. Nikaapa.

Alhamisi, 18 Juni

Mzee Kasiani amekubali tuje tena Jumamosi. Amecheka, anasema Elia, ingawa Mama Angelina atakaa jikoni.

Lakini Elia ameleta habari nyingine. Mzee ana gego linamsumbua tangu jana, na Laurenti ameahidi kumpeleka kwa Daktari Taramati keshokutwa hiyohiyo kwa gari la kukodi. Atamfikia adhuhuri.

Nimefikiri vizuri. Mimi na Elia tukiondoka alfajiri, tutamfikia Mzee saa mbili. Nimeazima plaizi kwa fundi baiskeli, nimeichemsha mara mbili. Neva haina shida, nimeelezwa na daktari mwenyewe na picha nimeiona. Inapita chini ya sikio, au juu yake. Sina hakika ni sikio lipi, ila Mzee nitamwambia atulie, na nitaanza upande wowote atakaouchagua.

Yuliana sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.